Panga, damu na askari aliye peke yake shambani: jibu kwa msomaji wa Pemba

Msomaji mmoja, askari wa Chuo cha Mafunzo (ndiyo magereza ya Zanzibar) aliyeko Pemba, ametuandikia kuhusu tukio lililotokea kazini kwao wiki tatu zilizopita. Mwenzake alitoka na wanafunzi 18, kama tunavyowaita wafungwa hapa Zanzibar, kwenda kusafisha shamba, akiwa askari peke yake. Wawili wakagombana, mmoja akamkata mwenziwe begani kwa panga, na askari alipoingia kati kuwaamua, panga lile lile likamjeruhi mkononi. Alishonwa, akapumzishwa siku mbili, akarudi lindoni. Msomaji anauliza ni vifaa gani wadai ili jambo hilo lisijirudie. Anauliza pia kama damu iliyokuwa kwenye panga inaweza kumletea mwenzake maradhi. Na mwisho anataka kujua kama askari anayeandika malalamiko ya aina hii ni mwoga, kwani mkubwa wao alisema tu kwamba kazi ndiyo hii.

Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Nitaanza na damu, kwa sababu katika mambo yako matatu hilo ndilo lisilosubiri. Panga lililomkata mtu mmoja kisha likamkata mwengine papo hapo linaweza kupitisha virusi vya homa ya ini aina ya B na C pamoja na virusi vya Ukimwi. Kati ya hivyo, homa ya ini B ndiyo inayoambukiza kwa urahisi zaidi kwa njia hii kwa mtu ambaye hajachanjwa, na virusi vyake vinaweza kuishi nje ya mwili, juu ya chuma au saruji, kwa muda wa siku saba. Lililopasa kufanywa siku ile ile ni kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni bila ya kulikamua, kumfikisha hospitali, na kumweleza daktari wazi kwamba panga lilikuwa na damu ya mtu mwengine. Maneno hayo yana uzito wake, kwani daktari anayeambiwa "nimekatwa na panga shambani" atashona na kutoa sindano ya pepopunda, wala hatakuwa na sababu ya kufikiria zaidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72 na humezwa kwa siku 28. Baada ya hapo hazianzwi tena.

Kwa kuwa wiki tatu zimeshapita, mlango wa dawa hizo umefungwa, lakini mambo mengine bado yanawezekana. Mwenzako aende hospitali, aeleze tukio lote, apimwe sasa na arudie kupimwa kwa tarehe atakazopangiwa na daktari. Akionekana hana homa ya ini B, aanze chanjo, ambayo kwa kawaida hutolewa mara tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, na ya tatu baada ya miezi sita. Chanjo hiyo inawahusu nyote mnaofanya kazi hiyo, na kama kuna kitu kimoja ambacho ningekiombea fedha kabla ya kirungu, ngao au kofia ngumu, ningekiombea hicho. Damu iliyomwagika sakafuni au kwenye zana nayo isifutwe kwa kitambaa tu. Avae glavu anayeifanya kazi hiyo, aimwagie maji yenye klorini (ile ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji), aiwache kwa dakika 10, kisha asafishe.

Sasa vifaa. Naelewa kwa nini swali lako limeanzia hapo, maana kifaa huonekana na huombwa kwa barua ya mistari miwili. Lakini lisome tena tukio lako kisha ujiulize mwenzako angefanya nini na kirungu, au hata na fulana ya kinga, akiwa mmoja mbele ya watu 18 ambao wengi wao wameshika mapanga na majembe. Katika elimu ya usalama kazini, vifaa vya kujikinga huwekwa mwisho kabisa katika mpangilio wa hatua. Kwanza huangaliwa kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa, kisha kama inaweza kupunguzwa kwa kubadilisha namna kazi inavyopangwa, na kinachobaki ndicho kinachokingwa kwa vifaa. Jeraha la mwenzako lilianza asubuhi, pale orodha ya wanaotoka ilipoandikwa na askari mmoja akatajwa kuwa anatosha.

Hakuna idadi moja ya askari inayofaa kila kambi na kila kazi, ila lipo sharti moja ambalo mimi silioni kuwa la kujadiliwa: askari asitoke peke yake na kundi lenye zana za makali. Wawe wawili kwa uchache, na wasisimame pamoja. Mmoja awe karibu na wanaofanya kazi, wa pili akae mbali, mahali anapowaona wote, akiwa na simu ya upepo au simu ya mkononi iliyohakikishwa kwamba inashika mtandao pale pale shambani. Yule wa mbali kazi yake ni kuona na kuita, na hata ukitokea ugomvi asikimbilie kuingia kabla hajaita. Ikiwa askari wa pili hayupo siku hiyo, basi kazi ya siku hiyo iwe ya kung'oa magugu kwa mkono au kubeba, na mapanga yabaki ghalani. Shamba litachelewa, na mkubwa anaweza kukasirika, lakini hiyo ni gharama ndogo ukilinganisha na iliyokwisha kulipwa.

Zana nazo zina utaratibu wake, ambao naueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ni rahisi na hauhitaji fedha. Ghala iwe na ubao ukutani, na juu ya ubao kila zana ichorewe umbo lake kwa rangi mahali inapotundikwa, ili panga likikosekana umbo lake tupu lionekane na mtu yeyote anayepita mlangoni, hata asiyejua kuhesabu. Kila zana iwe na nambari iliyochongwa kwenye mpini, na anayeichukua aandikwe jina mbele ya nambari hiyo. Hesabu ifanywe wakati wa kutoka, wakati wa mapumziko na wakati wa kurudi, na hesabu ya kurudi ikamilike kabla mtu yeyote hajaingia ndani. Nimeona mahali ambapo hesabu ya mwisho hufanywa wanafunzi wakiwa wameshaingia bwenini, na panga lililopungua likawa ni la kutafutwa usiku chini ya magodoro. Kuna pia suala la nani anapewa nini. Watu wawili wanaojulikana kuwa wana ugomvi hawapangwi kundi moja, sembuse kupewa mapanga.

Je, ugomvi wao ulikuwa unajulikana? Barua yako haisemi, lakini ningeshangaa sana kama hapakuwa na mtu aliyejua. Hapo ndipo kiini cha jibu langu kilipo, kwani usalama wa askari wa Chuo cha Mafunzo hutoka zaidi katika kuwajua watu anaowalinda kuliko katika kuta na kufuli. Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha Disemba 2015 kuwa viwango vya chini vya kuwatendea wafungwa, zinataka askari wafunzwe ulinzi wa namna hiyo pamoja na mbinu za kutuliza na kusuluhisha, huduma ya kwanza, na kuyatambua matatizo ya akili mapema. Askari anayezungumza na wanafunzi kwa adabu, anayewaita kwa majina yao, anayetimiza analoahidi na anayekataa bila ya kutukana, huyo huambiwa mambo. Ataambiwa kwa kupita tu kwamba fulani na fulani wasilale chumba kimoja. Na hata asipoambiwa ataona: bweni lenye kelele kila jioni siku hiyo limenyamaza, mtu asiyekosa chakula ameacha sahani yake, mwengine anaomba kuhamishwa chumba bila ya kutoa sababu, waliokuwa wakikaa pamoja uwani wamegawanyika makundi mawili.

Haya yote hupotea yasipopita kutoka zamu moja kwenda nyingine. Makabidhiano ninayoyajua ya kambi nyingi ni haya: ofisa anayetoka anasema "zamu shwari," anatia saini, anachukua mfuko wake. Makabidhiano yenye faida huchukua dakika 10 na husikika hivi: "Wa chumba cha pili, yule mvuvi, alipata habari Jumanne kwamba mkewe amedai talaka, hajala tangu jana. Mahabusu aliyeletwa jana jioni anatetemeka na kutoka jasho, nimemwita mhudumu wa afya, bado hajafika. Taa ya nyuma ya jiko imekufa. Wale wawili waliosukumana kwenye foleni ya maji nimewatenga, wasitoke pamoja kesho." Laiti sentensi ya mwisho ingesemwa na kuandikwa katika kitabu cha zamu usiku wa kuamkia siku ile, pengine orodha ya shamba ingeandikwa vyengine.

Ugomvi ukishazuka, kwa yote hayo, askari aliye peke yake asiingie kati ya watu wenye makali. Najua hili ni gumu kulisikia, kwa sababu mwenzako aliingia ili kuokoa uhai wa mtu, na nia hiyo ni ya heshima. Lakini askari akianguka, kundi zima linabaki bila ya msimamizi, na aliyejeruhiwa mwanzo hana tena wa kumwitia msaada. Apaze sauti, atoe amri fupi inayoeleweka, awaamuru wengine wote waweke zana chini na warudi nyuma, aite msaada, na abaki hatua kadhaa nje ya mfiko wa panga huku akiendelea kumsemesha mwenye nalo kwa jina lake. Mara nyingi mtu mwenye ghadhabu anahitaji njia ya kurudi nyuma bila ya kuaibika mbele ya wenzake, na sauti inayoshuka humfungulia njia hiyo kuliko sauti inayopanda. Nguvu hutumika pale tu zinapokuwa za lazima, kwa kujihami, kuzuia kutoroka au kukabili ukaidi wa mwili, kwa kiasi kisichozidi haja, na taarifa hupelekwa kwa mkuu wa kituo mara moja. Ndivyo Kanuni ya 82 ya hizo Kanuni za Nelson Mandela isemavyo. Kipigo cha kulipiza baada ya ugomvi kwisha ni kosa kisheria, na tena huacha deni ambalo askari wa zamu nyengine, asiyejua lolote, ndiye atakayelipishwa.

Pemba ina jambo lake ambalo vitabu vya usalama vilivyoandikwa kwa nchi kubwa havilitaji. Mwanafunzi uliyenaye lindoni anaweza kuwa mtoto wa mjomba wako, au mume wa jirani, au mtu mliyesoma naye chuoni na skuli, na siku atakayotoka mtakutana sokoni Chake Chake au katika sala ya Ijumaa. Ukaribu huo unaweza kuwa kinga, kwani heshima ya kijijini huingia hadi ndani ya ukuta. Lakini ndio pia mlango wa hatari ambayo naiona kubwa kuliko panga. Huanza na ombi dogo: nipelekee salamu nyumbani, nipigie simu hii moja tu, mama yangu atakupa kifurushi. Ukishafanya mara mbili tatu, anayekuomba sasa anakuamuru, kwa sababu anaweza kukusema. Askari aliyefika hapo hana tena usalama, wala wenzake wanaomtegemea nyuma yao hawana. Kwa hiyo unapomkuta jamaa yako ndani, andika siku ile ile kwa mkubwa wako kwamba huyu ni jamaa yangu na naomba nisipangiwe chumba chake. Barua hiyo inakuhifadhi wewe na inamhifadhi yeye, na haimvunjii heshima mtu yeyote. Kama umeshafanya upendeleo mdogo na umeanza kubanwa, sema mapema, maana kila siku inayopita inaongeza bei.

Nimetaja mahabusu anayetetemeka, nami nataka nilieleze hilo kidogo kwa kuwa visiwa vyetu vimeumia sana kwa unga. Mtu anayetumia heroini akikamatwa, arosto, yaani maumivu ya kuikosa dawa, humwanza ndani ya saa chache na hufika kileleni siku ya pili au ya tatu: jasho, makamasi, kutapika, kuharisha, maumivu ya viungo na hasira isiyo na mpaka. Huyu ni mgonjwa, na akitendewa kama mkorofi atakuwa mkorofi kweli. Apewe maji, aangaliwe na mhudumu wa afya, na aulizwe mapema kama alikuwa akinywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ambayo imekuwa ikitolewa hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, tangu 2015, ili dawa isikatike ghafla. Wakati wa kumpekua, usiingize mkono mfukoni mwake. Mwambie atoe mwenyewe kila kitu na aipindue mifuko nje, kisha upekue kwa kubonyeza nguo kutoka nje bila ya kuburura kiganja, kwani sindano iliyofichwa kwenye pindo huchoma kiganja kinachoteleza.

Kifua kikuu husafiri kwa hewa ya chumba kilichojaa watu na kufungwa usiku kucha, na askari anayefungua mlango alfajiri huvuta hewa ile ile. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho usiku au kukonda, apimwe makohozi, awe mwanafunzi au askari. Madirisha yaachwe wazi pande mbili zinazoelekeana. Ni tiba isiyo na bei, na nasikitika kila ninapoona dirisha limezibwa kwa ubao kwa sababu ya mvua ya mwaka uliopita.

Mwezi wa Ramadhani wote mnafunga, walinzi na wanaolindwa, na kazi nzito ya jua la alasiri huwa hatari kwa pande zote mbili kwa kiu, kizunguzungu na hasira. Kazi ya zana ihamishiwe asubuhi mapema na imalizike kabla ya adhuhuri, na askari aliyekesha usiku asipangiwe kundi la shamba siku inayofuata. Katika kumsafirisha mwanafunzi kwa bahari kwenda Unguja, pingu isifungwe kamwe kwenye nguzo au kiti cha chombo, na jaketi la kuokolea liwe karibu yake na karibu yako. Ajali ya MV Spice Islander ya Septemba 2011 ilitokea katika njia hiyo hiyo. Na usiku, kila askari wa zamu ajue funguo za kila bweni ziko wapi na nani anazo, na ufunguaji wa dharura ufanyiwe mazoezi gizani. Moto wa gereza la Comayagua, Honduras, mwezi Februari 2012 uliua watu zaidi ya 350, wengi wao wakiwa ndani ya mabweni yaliyofungwa.

Mwenzako alirudi kazini baada ya siku mbili. Kidonda cha mkono kinaonekana. Mtazameni na mengine. Akikosa usingizi, akishtuka panapoanguka bati, akiwa mkali nyumbani kuliko alivyokuwa, akikwepa shamba kwa visingizio, au akiwa mwepesi wa kupiga, hayo ni matokeo ya tukio na si udhaifu wa imani wala wa moyo. Wiki za mwanzo anahitaji mtu anayemwamini akae naye bila ya kumhoji, na apangiwe kazi zenye watu wengine. Hali hiyo ikiendelea zaidi ya mwezi, aonane na mtaalamu wa afya ya akili. Nalisema hili kwa mkazo kwa kuwa katika kazi za sare watu huona haya kulitaja, na haya hiyo imewavunja wanaume na wanawake wazuri niliowafunza kwa mikono yangu.

Na swali lako la mwisho. Mkubwa aliyesema kazi ndiyo hii amesema nusu ya kweli. Kazi hii ina hatari ndani yake, lakini hatari inayojulikana na isiyopangiwa hatua ni uzembe wa mpangaji, na anayeitaja hana uoga wowote. Zanzibar ina Sheria yake ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, na tangu Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani limeyaweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Chuo cha Mafunzo ni Idara Maalum yenye ngazi zake za amri, kwa hiyo njia ni kupanda ngazi hizo kwa maandishi.

Mwenzako aandike taarifa yake mwenyewe, kama hajaandika: tarehe na saa, mahali, idadi ya wanafunzi na ya askari, zana zilizotoka, nani aliona, jeraha liko wapi, damu ya nani ilikuwa kwenye panga. Aambatanishe cheti cha daktari na fomu ya polisi ya PF3, abaki na nakala, na ahakikishe tukio limeingia katika kitabu cha zamu, kwani pasipo maandishi hayo madai ya fidia hayana pa kusimama iwapo mkono utadhoofika baada ya mwaka. Wewe andika barua yako peke yako, na usikusanye saini za wenzako katika karatasi moja. Katika vikosi vya sare barua ya pamoja huweza kusomwa kama uasi, na hoja nzuri ikafia hapo. Usilalamike juu ya mtu. Taja siku ambazo askari mmoja alitoka na kundi lenye mapanga, kama zinavyoonekana kwenye kitabu, kisha uombe mambo matatu tu: askari wawili kwa kila kundi la zana, ubao na nambari ghalani, na chanjo ya homa ya ini B kwa kituo kizima. Ikipita muda wa kutosha bila ya jibu, iandike tena kwa ngazi inayofuata, ukiitaja tarehe ya barua ya kwanza.